Je, wajua? Katibu Mkuu wa kwanza wa UN alipigiwa kura ya turufu na bado akabaki ofisini. Ilikuwaje?

Kura ya turufu watu wengi tunaielewa hivi: kuna nchi tano kubwa pale Baraza la Usalama, moja tu ikikataa basi, habari imeishia hapo. Na kwenye kumpata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kweli ndivyo inavyokuwaga karibu kila mara. Lakini Oktoba 1950 Wasovieti walimpigia veto (ndiyo hiyo kura ya turufu) Trygve Lie, Mnorway aliyekuwa Katibu Mkuu wa kwanza kabisa, na wiki tatu tu baadaye, tarehe 1 Novemba, Baraza Kuu, lile la nchi zote wanachama, likapiga kura 46 kwa 5, nchi 8 zikajizuia, kwamba aendelee na kazi miaka mitatu zaidi. Akaendelea. Ile veto hakuna aliyeifuta wala mahakama iliyoitengua, ilizungukwa tu, na nikisoma jinsi ilivyozungukwa naona ni moja ya vitu vya ajabu kabisa kwenye historia ya UN.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Lie alikuwa mtu wa Marekani tangu mwanzo, kwa hiyo Marekani ikambeba. Hili naomba tulikalie kidogo, manake linaharibu stori nzima.

Kwa kifupi tu alikotoka: alizaliwa 1896 Oslo (wakati huo mji ukiitwa Kristiania), baba yake seremala aliondoka kwenda Marekani Trygve akiwa bado mtoto, mama ndiye aliyebaki kulea. Akaingia chama cha Labour akiwa kijana mdogo sana, akasoma sheria, akawa mwanasheria wa vyama vya wafanyakazi kuanzia 1922, na 1935 akateuliwa Waziri wa Sheria. Wajerumani walipoivamia Norway 1940 serikali ilikimbilia London, na huko ndiko alikokuwa Waziri wa Mambo ya Nje hadi vita vikaisha.

Sasa angalia uhusiano wake na Moscow. 1921 alikuwa kwenye ujumbe wa chama chake uliokwenda Urusi, akaonana na Lenin. Alipokuwa Waziri wa Sheria Norway ilimpokea Trotsky, mwanamapinduzi wa Urusi na hasimu wa Stalin, kama mkimbizi, Stalin akakasirika, na chini ya shinikizo hilo ni Lie huyohuyo aliyemfungia Trotsky ndani ya nyumba akilindwa na polisi, kisha Desemba 1936 akamsafirisha kwenda Mexico kwa meli ya mafuta. Mimi naiona kama sehemu chafu ya rekodi yake, ila inaonyesha wazi kwamba Stalin hakuwa na sababu ya kumwona adui. Januari 1946 Baraza Kuu lilipokutana London kwa mara ya kwanza kuchagua rais wa kikao, aliyesimama kupendekeza jina la Lie alikuwa Gromyko wa Urusi ya Kisovieti. Akashindwa na Spaak wa Ubelgiji kwa kura 28 kwa 23. Siku chache baadaye wakatafuta Katibu Mkuu, Marekani ikamtaka Lester Pearson wa Canada, Wasovieti hawakumtaka, na Lie akabaki kuwa jina ambalo pande zote mbili zingeweza kuishi nalo. Tarehe 1 Februari akapata kura 46, tatu tu zikampinga.

Hata baada ya kushika ofisi hakuwa anaegemea Washington. Miezi miwili haijaisha kukawa na kesi ya Iran, majeshi ya Kisovieti yamechelewa kuondoka, Iran yenyewe baadaye ikaondoa malalamiko yake lakini Marekani ikataka suala libaki kwenye ajenda. Lie akapeleka maoni ya kisheria kwamba mlalamikaji akishajitoa si rahisi Baraza la Usalama kuendelea na kesi, yaani upande wa Wasovieti. Hakuna aliyemtuma. Halafu mwanzoni mwa 1950 Wasovieti wakasusia Baraza la Usalama kwa sababu kiti cha China kilikuwa bado kwa serikali ya Chiang Kai-shek iliyokimbilia Taiwan, si kwa wakomunisti walioshika Beijing, na Lie akatoa waraka unaosema kuitambua serikali ni kitu kimoja na nani akae kwenye kiti cha nchi ni kitu kingine, hoja ambayo iliisaidia Beijing na kuiudhi Marekani. Mei mwaka huohuo akafunga safari mpaka Moscow, akakaa na Stalin, mkononi ana mpango wake wa amani wa miaka ishirini. Mtu wa Marekani gani huyo?

Kilichogeuza kila kitu ni Korea. Tarehe 25 Juni 1950, Jumapili, majeshi ya Korea Kaskazini yalikuwa yameshavuka mpaka kuingia Korea Kusini. Lie alipigiwa simu usiku nyumbani na akasema hii ni vita dhidi ya Umoja wa Mataifa. Mchana wake Baraza la Usalama likakutana, kiti cha Wasovieti kitupu kwa sababu ya kususia, na Lie akaongea kabla ya wajumbe, akasema bila kuzunguka kwamba Baraza lina wajibu wa kuchukua hatua. Kwa Moscow siku hiyo alikuwa ameshavuka mstari. Kwa hiyo Marekani haikumbeba toka 1946, ilianza kumbeba baada ya Juni 1950, na sababu yake inaeleweka: akiondolewa kwa veto sasa ingeonekana ameadhibiwa kwa msimamo wake wa Korea.

Muda wake wa miaka mitano ulikuwa unaisha mwanzoni mwa Februari 1951. Oktoba 1950 Baraza la Usalama likapiga kura, 9 zikamkubali, Wasovieti wakatia veto. Wakaleta majina mengine, India, Mexico, Lebanon, Ufilipino, wakasema tuko tayari kwa hawa. Hapo Marekani nayo ikatangaza kwamba itampigia veto yeyote asiye Lie, na kumbuka wakati huo Marekani ilikuwa haijawahi kutumia veto hata mara moja. Kikawa kifungo cha pande mbili, hakuna jina linalopita.

Hapa ndipo penye ufundi wenyewe, twende taratibu. Ibara ya 97 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inasema Katibu Mkuu anateuliwa na Baraza Kuu kwa mapendekezo ya Baraza la Usalama. Haisemi akae miaka mingapi. Ile miaka mitano haipo kwenye Mkataba, iliwekwa na azimio la Baraza Kuu la Januari 1946.

Fikiria saccos. Katiba yenu inasema meneja anaajiriwa na mkutano mkuu baada ya bodi kuleta jina. Bodi ililetaga jina, mkutano ukamwajiri, na ni mkutano wenyewe uliosema aanze na miaka mitano. Miaka inaisha, bodi imegawanyika, haileti jina lolote. Mwanachama mmoja anasimama anasema: hatumwajiri meneja mpya hapa, kwa hiyo hatuhitaji jina kutoka bodi, huyu jina lake bodi ilishalileta zamani na halijaondolewa, sisi tunachofanya ni kusogeza tarehe ambayo tuliiweka wenyewe. Mwingine anasimama anajibu: acheni hizo, kumwongezea mtu miaka mitatu ni kumwajiri upya, na kuajiri bila bodi ni kuvunja katiba. Wote wawili wana hoja. Wengi mkutanoni wakiwa na wa kwanza, meneja anabaki.

Ndicho kilichotokea. Azimio la 1 Novemba halikutumia neno kuteua, lilisema Lie aendelee kushika ofisi kwa miaka mitatu. Hizo kura 5 za kupinga zote zilitoka kambi ya Kisovieti, na hoja yao kwamba ule ni uteuzi uliobadilishwa jina haikuwa ya kijinga, wanasheria wa mambo ya kimataifa wamebishana nayo tangu hapo. Mimi naona kwa maandishi Baraza Kuu lilikuwa na pa kushika, kwa roho ya Ibara ya 97 Wasovieti walikuwa na haki ya kulalamika.

Na kulalamika kwao hakukuishia kwenye hotuba. Kuanzia Februari 1951 kwao UN haikuwa na Katibu Mkuu. Barua zao hazikuandikwa kwake tena, ziliandikwa kwa Sekretarieti, yaani ofisi ya watumishi wa UN. Hebu waza uzito wake: kazi nzima ya ofisi ile ni kupatanisha, wakati huo mgogoro mkubwa wa dunia ni vita vya Korea, na upande mmoja wa mgogoro haukuandikii hata barua. Huku upande wa pili nao, Washington ilikuwa kwenye msako wa wakomunisti na ikaanza kuwaandama Wamarekani walioajiriwa UN. Lie akafukuza baadhi yao, akaruhusu hata FBI, wapelelezi wa Marekani, kufanya kazi ndani ya jengo la UN New York, na wafanyakazi wake wengi hawakumsamehe kwa hilo. Nadhani wana haki. Ila pia ni matokeo ya mtu ambaye upande mmoja ulishamkata, akabaki anategemea upande mwingine tu.

Tarehe 10 Novemba 1952 akatangaza kujiuzulu, akisema anataka kumpisha mtu ambaye wakubwa wote watano watamkubali. Mrithi alipatikana baada ya miezi kadhaa, Dag Hammarskjöld wa Sweden, na alipotua New York Aprili 1953 Lie alikwenda kumpokea uwanja wa ndege akamwambia anaingia kwenye kazi isiyowezekana kuliko zote duniani. Baadaye Lie akarudi kwao, akawa gavana wa Oslo na Akershus, 1959 akaitwa kusaidia mzozo wa mpaka wa Ethiopia na Somalia ya Waitaliano bila kufanikiwa, akawa waziri tena miaka ya 60, akafariki Desemba 1968.

Hiyo silaha ya kutomtambua Katibu Mkuu ilirudi Februari 1961, Wasovieti wakaitumia kwa Hammarskjöld kwa sababu ya Kongo na kuuawa kwa Lumumba. Lakini ile mbinu ya kuongeza muda juu ya veto haijarudi tena.

Wasomaji wa Tanzania mtakumbuka 1981, Salim Ahmed Salim alipogombea. Marekani ikamkataa raundi baada ya raundi, China nayo ikimkataa Kurt Waldheim vilevile, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na akapatikana Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kwa Salim mlango wa 1950 haukuwepo kabisa, kwa sababu hakuwa ofisini, hapakuwa na muda wa kuongezwa. Boutros Boutros-Ghali wa Misri yeye alikuwa ofisini 1996, akapata kura 14 kati ya 15, iliyobaki moja ni veto ya Marekani. Kwa maandishi angeweza kuongezewa muda kama Lie. Ila 1950 nchi iliyokataa ilikuwa na kura tano tu kwenye Baraza Kuu na Marekani ndiyo iliyokuwa ikiisukuma hoja, 1996 Marekani ndiyo iliyokuwa ikikataa, na ndiyo pia iliyokuwa mchangiaji mkubwa kuliko wote wa bajeti ya UN. Baraza Kuu halikujaribu, na Desemba ile akateuliwa Kofi Annan.