Kupatwa kwa jua hakuonekani sawa nchi nzima

Wengi huku Mbeya huamini kwamba redio ikitangaza jua litapatwa, basi kila Mtanzania ataona kitu kilekile. Si kweli. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walifurika Rujewa, wilayani Mbarali, kwa sababu pale jua lilibaki pete. Aliyekuwa Dar es Salaam siku hiyohiyo aliona jua lililomegwa tu. Kivuli cha mwezi kina njia yake, nayo ni nyembamba.

Ndiyo maana programu ya kuonyesha anga kwenye kompyuta au simu, kama Stellarium, inauliza kwanza uko wapi. Hapo ndipo watu wanapokosea. Jiji la Mbeya liko nyuzi 8.9 kusini na 33.4 mashariki. Ukiandika 8.9 ukasahau kuchagua kusini, umejihamishia karibu na mpaka wa Sudan Kusini na Ethiopia, halafu unalalamika kwamba programu ni ya uongo! Ukishaweka mahali sawasawa, peleka tarehe mbele hadi 2 Agosti 2027. Utaona jua halifunikwi lote hapa, wakati Luxor, Misri, litafunikwa kwa zaidi ya dakika 6.

Mwezi ni tofauti. Ukipatwa, yeyote anayeuona angani anaona tukio lilelile kwa wakati mmoja. Tarehe 7 Septemba 2025 ulizama wote kivulini kuanzia saa 2:30 usiku, Uyole na Mafinga sawia. Kama wingu halikuziba, maana programu haijui ukungu wa kwetu.