Mkimbizi ni nani, na kwa nini wengi hawafiki mbali

Mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake kwa sababu kubaki kungehatarisha uhai au uhuru wake. Huo mpaka una uzito mkubwa katika maana yenyewe. Aliyekimbia makazi yake lakini bado yumo ndani ya nchi yake huitwa mkimbizi wa ndani, hata kama mabomu yaliyomtoa nyumbani ni yale yale.

Mkataba wa Geneva wa 1951 kuhusu wakimbizi unataja sababu tano za mtu kuogopa mateso: asili, dini, uraia, kuwa wa kundi fulani la jamii, na msimamo wa kisiasa. Ila anayekimbia vita mara nyingi hawezi kuthibitisha kwamba alilengwa yeye binafsi. Kijiji kizima kimechomwa. Ndiyo maana Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 uliongeza uvamizi kutoka nje, kutawaliwa na wageni na machafuko makubwa. Kwangu mimi, Afrika hapo iliona mbali.

Wengi hudhani wakimbizi wote wanaelekea Ulaya. Sivyo. Walio wengi huishia nchi jirani, kwani wanatembea kwa miguu, hawana nauli, na wanatumaini kurudi karibuni. Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda kuingia Tanzania pale Rusumo kwa muda wa takribani siku moja. Kuanzia Agosti 2017, Warohingya zaidi ya 700,000, jamii ya Waislamu walio wachache, walikimbia Myanmar wakaingia Bangladesh, nchi ambayo yenyewe ina msongamano mkubwa wa watu.

Chanzo nacho huwa si kimoja. Wasomali waliomiminika Kenya mwaka 2011 walisukumwa na ukame, lakini ukame huo uliwakuta katika nchi iliyokwisha kuchakazwa na vita, ambako msaada haukuweza kufika kila mahali. Njaa peke yake haimo katika zile sababu tano, na jambo hilo linaniuma.

Kisha kuna kusubiri. Kambi za Dadaab nchini Kenya zilianza 1991 kama hifadhi ya muda. Waliozaliwa humo sasa wana watoto wao. Njia za kutoka ni tatu: kurejea kwa hiari, kupokelewa kwa kudumu palepale, au kuhamishiwa nchi ya tatu. Hii ya mwisho, inayozungumzwa sana, kwa mwaka huwafikia wakimbizi wachache mno, kwa kawaida chini ya mmoja katika kila mia.