Kibodi ya vidole gumba ni nini, na ile gololi katikati ya simu za BlackBerry ilikuwa ya kazi gani?

Kibodi ya vidole gumba ni kibodi kamili ya herufi, yenye mpangilio wa QWERTY kama wa kompyuta, iliyopunguzwa hadi ikaenea kwenye uso wa simu. Unaishika simu kwa mikono yote miwili, vidole vinane vinaibeba kwa nyuma, na viwili vilivyobaki mbele ndivyo vinavyoandika. Jina limetoka hapo.

Tusiichanganye na kibodi ya kiswaswadu, au mulika mwizi kama wanavyosema Kenya. Kule vitufe vya kuandikia ni kumi na viwili, na herufi tatu au nne zinagombea kitufe kimoja. Kuandika "habari" kwa njia ile ya kubonya na kurudia ni mibonyo 12. "Shikamoo" ni 19. Kwenye kibodi ya vidole gumba unabonya 6 na 8, basi. Zilikuwapo pia simu zilizokisia neno kabla hujalimaliza, ila zilikisia kwa kamusi, na kamusi isiyokijua Kiswahili ilikuwa inakuchelewesha badala ya kukusaidia. Kibodi kamili haikisii chochote. Unachobonya ndicho kinachotokea, uwe unaandika Kiswahili, Kisukuma au Kidholuo.

Kampuni iliyoifanya ijulikane duniani ni Research In Motion ya mji wa Waterloo, Kanada. Mwaka 1996 ilitoa kifaa cha ujumbe chenye kibodi ndogo, na 1999 ikaleta BlackBerry 850, iliyopokea barua pepe lakini haikupiga simu. Simu yenyewe ilikuja 2002, kwenye BlackBerry 5810, na hapo ulilazimika kuvaa kifaa cha sikioni ndipo uongee. Wengine nao walikuwamo: Treo za Handspring na baadaye Palm, Nokia E61 na E71, na hata simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream ya 2008, ilikuwa na kibodi iliyofichwa chini ya kioo cha kuteleza.

Ubora wa kibodi hizi ulikuwa kwenye umbo la kitufe. Kidole gumba ni kinene kuliko kitufe chenyewe, kwa hiyo kinagusa vitatu kwa mpigo. Dawa ilikuwa kukipa kila kitufe mgongo au mteremko, ili kidole kihisi kiko wapi bila jicho kushuka. Kwenye BlackBerry Bold 9000 ya 2008, vitufe vya upande wa kushoto viliinama tofauti na vya kulia, na kati ya safu na safu kulikuwa na ukanda mwembamba wa kutenganisha. Tarakimu zilishiriki vitufe na herufi, ukazipata kwa kitufe cha Alt. Ukiishikilia herufi, inakuwa kubwa. Ukibonya nafasi mara mbili, nukta inajiweka yenyewe.

Lakini kibodi ina upungufu mmoja mkubwa, na ndio uliozaa nusu ya pili ya dhana hii. Kibodi inajua kuandika, haijui kuonyesha. Nyingi ya simu hizi hazikuwa za kupangusa. Kioo kilikuwa cha kutazama tu. Sasa utaichaguaje meseji ya tatu kutoka juu? Kwa hiyo kila simu ya namna hii ilibeba kiungo cha kuongozea, na kwa maoni yangu kiungo hicho ndicho kilichoamua simu itakuwaje kuliko hata kibodi yenyewe.

BlackBerry za mwanzo zilikuwa na gurudumu dogo ubavuni, upande wa kulia. Unalizungusha kwa kidole gumba, uchaguzi unapanda au kushuka. Unalisukuma ndani, menyu inafunguka. Linakwenda pande mbili tu, juu na chini, ndiyo sababu karibu kila kitu kwenye simu zile kilipangwa kama orodha. Kwa kusoma barua pepe kwa mkono mmoja sijaona kilicholizidi, ingawa halikumfikiria anayetumia mkono wa kushoto.

Mwaka 2006 BlackBerry Pearl ikaliondoa gurudumu na kuweka gololi katikati, chini ya kioo. Gololi inakwenda kila upande, kwa hiyo picha za programu zikaweza kupangwa kwa safu na nguzo, na ramani ikasogezwa kwa mshazari. Ndani yake kuna vigurudumu vinne vyenye sumaku. Gololi ikivizungusha, vihisi vinahesabu mizunguko na kujua umeelekea wapi. Tatizo ni kwamba mafuta ya kidole na vumbi viliingia humo na kuganda. Gololi ikawa inapanda lakini haishuki, na dawa ikawa kuifungua, kuisafisha au kuibadilisha.

Ndipo BlackBerry Curve 8520 ya 2009 ikaja na padi: kipande bapa ambacho chini yake mwanga unamulika ngozi ya kidole na kihisi kinasoma mwendo wake, kama kipanya cha kompyuta kilichopinduliwa. Hakuna kinachozunguka, hakuna pa kuingia vumbi. Treo 600 na Nokia E71 zenyewe zilishika njia ya tatu, kitufe cha pande nne chenye kitufe cha kukubali katikati. Hicho hakitelezi. Kila mbonyo ni hatua moja, na kwenye ukurasa mrefu wa intaneti hatua hizo zinachosha.

Hata herufi ziligeuzwa kuwa njia. Ukiwa kwenye orodha ya meseji za BlackBerry, T ilikupeleka juu kabisa, B chini kabisa, U kwenye ujumbe ambao hujausoma.

Januari 2007, Steve Jobs, mkuu wa Apple, alipoitambulisha iPhone, aliweka simu nne za aina hii kwenye skrini na kusema kasoro yao ni vitufe kubaki palepale, uwe unavihitaji au huvihitaji. Kwa kutazama picha na video alikuwa sahihi kabisa. Kwa kusahihisha maandishi, hapana. Jaribu kukiweka kishale, ile alama ya pale unapoandika, kati ya herufi mbili za neno refu kwa kugusa kioo: kidole kinaifunika herufi unayoitafuta. Kwa gololi au padi unasogea herufi moja moja huku unaona. BlackBerry yenyewe ilijaribu kuiacha padi kwenye Q10 ya 2013, na mwaka uliofuata ikairudisha kwenye Classic.

Huduma za simu za zamani za BlackBerry zilizimwa tarehe 4 Januari 2022. Ila padi haikutoweka yote. Kwenye iPhone, shikilia kitufe cha nafasi kwa muda kidogo: herufi za kwenye vitufe zinatoweka, kibodi nzima inakuwa padi, na kishale kinafuata kidole gumba chako.