Soksi za kubana miguu: dhana potofu kuhusu kukaza, na ukweli wake

Mtu mwenye miguu iliyovimba, au ambaye mishipa imemchomoza nyuma ya goti, akienda kutafuta soksi za kubana, aghalabu huulizwa swali moja tu: anavaa kiatu namba ngapi. Akishajibu hukabidhiwa pakiti, huambiwa kwamba zinazokaza sana ndizo za kazi, na mashauriano huishia hapo. Soksi hizi ni tiba, na kama tiba nyingine yoyote zina kipimo chake, zina watu zinaowafaa na zina watu wasiopaswa kuzivaa kabisa.

Dhana: Kadiri soksi inavyokaza, ndivyo inavyotibu vizuri zaidi.

Mgandamizo wa soksi hupimwa kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile kinachotumika kwenye mashine ya presha. Mtu akisimama wima bila kusogea, shinikizo la damu katika vena za kifundo cha mguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, hufikia milimita 80 hadi 90. Akianza kutembea, misuli ya shavu la mguu huisukuma damu juu, vali zilizo ndani ya vena huizuia isirudi, na shinikizo hushuka hadi karibu milimita 30 au chini yake, ikiwa vali ni nzima. Vali zikilegea, shinikizo halishuki vya kutosha hata mtu akitembea, na hapo ndipo uvimbe wa jioni, ngozi kugeuka nyeusi na hatimaye vidonda vya karibu na kifundo hupata nafasi.

Kazi ya soksi ni kuisaidia misuli hiyo, na ndiyo maana soksi ya tiba hubana zaidi kwenye kifundo na kulegea taratibu kuelekea goti. Conrad Jobst, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Toledo nchini Marekani na ambaye mwenyewe aliugua vena za miguu, alipata wazo hili alipotambua kwamba akisimama ndani ya bwawa la kuogelea miguu hupata nafuu, kwa kuwa maji hukandamiza zaidi kadiri kina kinavyoongezeka. Soksi inayokaza chini ya goti kuliko kwenye kifundo, hata iwe ngumu namna gani, huifungia damu chini badala ya kuipandisha.

Kwa msusi, mwalimu au askari anayesimama kutwa nzima na kurudi nyumbani miguu ikiwa mizito, milimita 15 hadi 20 kwa kawaida zinatosha, na ndivyo ilivyo kwa wajawazito wengi na wasafiri wa safari ndefu. Aliyevimba kwa sababu ya vena zilizolegea huhitaji zaidi, mara nyingi milimita 20 hadi 30. Milimita 30 hadi 40 huachiwa aliyewahi kupata kidonda cha vena na wengine ambao hali yao imekwenda mbali, tena kwa maelekezo ya daktari. Nguvu kubwa ina faida yake, hasa katika kuzuia kidonda kisirudi, lakini soksi ya wastani inayovaliwa kila siku humsaidia mgonjwa kuliko ile kali iliyomshinda akaiacha kabatini.

Dhana: Daraja la pili ni daraja la pili, popote soksi ilipotengenezwa.

Soksi za tiba hugawanywa kwa madaraja kulingana na nguvu ya mgandamizo wake. Kwa vipimo vya Uingereza daraja la pili ni milimita 18 hadi 24. Kwa vipimo vya Ujerumani ni milimita 23 hadi 32. Kwa kuwa madukani kwetu bidhaa hutoka nchi mbalimbali na huwekwa rafu moja, mgonjwa aliyeandikiwa daraja la pili anaweza kupewa soksi tofauti kabisa na aliyoikusudia daktari wake. Linalopaswa kusomwa kwenye pakiti ni idadi ya milimita za zebaki, wala si daraja. Pakiti isiyoonyesha idadi hiyo, ambayo imeandikwa tu kwamba soksi ni imara au ni ya tiba, mimi naona heri iachwe dukani hata kama bei yake inavutia.

Dhana: Ukijua namba ya kiatu au uzito wako, umeshajua saizi ya soksi.

Kiatu hueleza urefu wa wayo tu. Soksi inayoishia chini ya goti huhitaji angalau vipimo vitatu: mzunguko wa mguu mahali ulipo mwembamba kabisa juu ya kifundo, mzunguko wa shavu la mguu mahali lilipo nene kabisa, na urefu kutoka sakafuni hadi chini kidogo ya goti. Vipimo hivi huchukuliwa asubuhi, muda mfupi baada ya kuamka, kabla uvimbe haujapanda, kwa tepu kama ile ya fundi cherehani inayogusa ngozi bila kuibana, na kila mguu hupimwa peke yake. Anayepimwa saa kumi na moja jioni baada ya kushinda amesimama anapimiwa uvimbe wake. Soksi atakayopewa itampwaya asubuhi.

Kuna sababu nyingine ya kuupa umbo la mguu uzito. Kitambaa kikivutwa kwa nguvu ile ile, hukandamiza zaidi mahali penye mzunguko mdogo kuliko penye mzunguko mkubwa. Mtu mwenye miguu myembamba na mfupa wa muundi uliochomoza hupata mgandamizo mkali kuliko ulioandikwa kwenye pakiti, na ngozi iliyo juu ya mfupa huo ndiyo huchubuka kwanza. Kwa upande mwingine, mguu uliobadilika umbo, kama wa baadhi ya wagonjwa wa matende katika mwambao wetu, hauwezi kuingia vizuri kwenye soksi ya kawaida iliyofumwa kwa mzunguko bila mshono. Huo hufaa soksi iliyofumwa bapa kwa vipimo vyake kisha ikashonwa, na hata hapo kuuosha mguu kwa maji na sabuni kila siku na kuukausha hadi katikati ya vidole hubaki kuwa sehemu ya msingi ya matunzo.

Dhana: Ni soksi tu; hata isiposaidia haiwezi kudhuru.

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote. Mguu una vena zinazorudisha damu moyoni na ateri zinazoileta. Ikiwa ateri zimeziba kwa kiasi kikubwa, damu inayofika vidoleni ni kidogo, na soksi kali inaweza kuipunguza zaidi hadi ngozi ikafa. Mwenye kisukari, mvutaji sigara wa miaka mingi, mtu ambaye shavu la mguu humuuma akitembea na kutulia akisimama, na mwenye vidole baridi au kidonda cha kidoleni kisichopona, wote wanapaswa kupimwa ateri kwanza. Kipimo chenyewe hakina maumivu: presha ya kwenye kifundo hugawanywa kwa ya mkononi, kwa msaada wa dopla, kifaa kinachotambua mtiririko wa damu kwa mawimbi ya sauti. Jibu likiwa chini ya 0.8, soksi kali hazivaliwi bila uamuzi wa mtaalamu. Likiwa chini ya 0.5, soksi za kubana hazivaliwi. Kwa mwenye kisukari, ateri zilizokakamaa zinaweza kutoa jibu zuri lisilo la kweli, hivyo huenda akahitaji kupimwa presha ya kidole gumba cha mguu pia.

Mwenye ganzi miguuni hatasikia soksi inapomkata. Mwenye moyo ulioshindwa kazi kwa kiwango kikubwa anaweza kuzidiwa na maji yanayosukumwa kutoka miguuni kwa ghafla. Naye aliyevimba mguu mmoja tu, ghafla, ukiwa na maumivu na joto, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana huenda damu imeganda ndani ya vena.

Dhana: Soksi nyeupe ulizopewa wodini zinatosha kwa matumizi ya nyumbani.

Zile ni za mgonjwa aliyelala kitandani, na mgandamizo wake ni mdogo, takriban milimita 18 kwenye kifundo. Hazikukusudiwa kutibu vena za mtu anayetembea. Hata wodini hazimfai kila mgonjwa: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kwa waliopata kiharusi, soksi za hadi mapajani hazikupunguza damu kuganda, bali ziliongeza majeraha ya ngozi.

Dhana: Ukizivaa muda mrefu, mishipa iliyochomoza itapotea.

Hupunguza uvimbe na uzito wa miguu zinapovaliwa, lakini hazirekebishi vali. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2013 unaelekeza kwamba soksi zisitumike kama tiba ya vena zilizochomoza, ila pale ambapo tiba ya kuziziba au kuziondoa haifai.

Dhana: Soksi isiyoingia kirahisi ni ndogo.

Soksi sahihi huwa ngumu kuvaa, na namna ya kuivaa ni sehemu ya tiba. Igeuzwe ndani nje hadi kisiginoni, wayo uingizwe mpaka kisigino kikae mahali pake, kisha kitambaa kipandishwe kidogo kidogo kwa viganja vilivyovaa glavu za mpira, bila kuvutwa kwa ncha za vidole. Mafuta ya ngozi hupakwa usiku, soksi zikishavuliwa. Ikiwa ni ndefu kupita goti, ukingo wa juu usikunjwe, kwa sababu mkunjo huo huzidisha mgandamizo pale pale na kuukaza mguu kama kamba.

Kuhusu kufua, wapo wanaoamini kwamba maji hulegeza soksi, kumbe jasho, mafuta na jua kali ndivyo huua lastiki. Zifuliwe kila zinapovaliwa kwa sabuni laini, bila jiki wala dawa ya kulainishia nguo, zianikwe kivulini. Ndiyo maana jozi mbili ni za lazima. Zikivaliwa kila siku, nguvu yake hupungua baada ya takriban miezi sita, na wakati wa kununua nyingine mguu upimwe upya, kwa kuwa uvimbe ukishapungua vipimo vya awali havifai tena.