Jajja akichanganyikiwa ghafla, usiseme ni uzee tu

Kampala au Arua, Uganda, jajja (babu au bibi) wa miaka 85 akianza kuweweseka, ndugu husema: ni uzee, au ule ugonjwa wake wa kusahau umezidi. Si kweli. Ugonjwa wa kusahau hunyemelea kwa miezi na miaka. Badiliko la saa chache au siku mbili tatu lina chanzo kingine, na mara nyingi kinatibika: malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, hata choo kigumu. Mwenye ugonjwa wa kusahau ndiye huathirika upesi zaidi.

Usingoje homa, mwili wa mzee sana huenda usipande joto. Wengine hawapigi kelele, husinzia mchana na kukataa chakula, na hao ndio tunaowapuuza.

Mpeleke siku hiyohiyo kituo cha afya chenye maabara. Apimwe sukari kwanza, kisha malaria na mkojo. Akiwa anameza glibenklamidi, dawa ya kisukari, na anakula kidogo, sukari yaweza kushuka na kukaa chini kwa saa nyingi. Beba dawa zake zote: hata klorofeniramini ya mafua, au amitriptilini ya sonona na maumivu ya neva, yaweza kumvuruga akili.