Mtoto kupimwa ADHD: yanayosemwa mitaani na yanayofanyika kwa mwanasaikolojia

Wazazi wengi wa Dar es Salaam hulisikia jina la ADHD kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwalimu wa darasa, au kutoka kwa mzazi mwenzao wanaposubiri watoto kwenye geti la shule. Ni tatizo la ukuaji wa ubongo linalomfanya mtoto ashindwe kuudhibiti umakini wake, utulivu wake na pupa yake kama wanavyoweza watoto wa rika lake, na makadirio yanayotumika sana ni kwamba linawapata watoto takriban 5 katika kila 100 duniani. Kabla mzazi hajamwona mwanasaikolojia, huwa ameshapokea ushauri kutoka kwa bibi, kwa jirani, kwa kiongozi wa dini na kwenye makundi ya WhatsApp. Mengi kati ya hayo yanahusu tatizo lenyewe. Hapa nitajikita zaidi katika tathmini yake, kwa sababu hapo ndipo dhana potofu zinapowala wazazi fedha na muda.

“Apelekwe akapimwe, majibu yatatoka leo leo”

Tumezoea hospitali ambako kidole kinatobolewa, tone la damu linawekwa kwenye kipimo, na baada ya muda mfupi mtu anaambiwa kama ana malaria au hana. ADHD haina kipimo cha namna hiyo. Hakuna kipimo cha damu, picha ya CT-Scan wala MRI, wala kipimo cha umeme wa ubongo kinachoweza peke yake kuthibitisha kwamba mtoto anayo. Daktari anaweza kuagiza kimojawapo, lakini akifanya hivyo anatafuta jambo jingine, kwa mfano kifafa. Mzazi anayeambiwa alipie picha ya ubongo “ili ADHD ionekane” ana kila sababu ya kuuliza ni kitu gani hasa kinachotafutwa.

Kazi ya mwanasaikolojia ni kukusanya ushahidi, na sehemu kubwa ya ushahidi huo haimo ndani ya chumba chake. Mwongozo wa Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, ambao wataalamu wa nchi nyingi huutumia, unaorodhesha dalili 9 za kukosa umakini na dalili 9 za utukutu na pupa. Mtoto anapaswa kuwa na angalau dalili 6 za kundi moja au makundi yote mawili, zilizodumu kwa miezi 6 au zaidi kwa kiwango kisicholingana na umri wake. Baadhi yake ziwe zilianza kabla hajatimiza miaka 12, zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni, na ziwe zinamkwamisha kweli katika masomo au katika maisha yake na watu. Mwisho, kusiwe na jambo jingine linalozieleza vizuri zaidi. Sharti hili la mwisho ndilo linalochukua muda, na ndilo linalorukwa pale tathmini inapofanywa haraka haraka.

Kwa hiyo mzazi atahojiwa kwa kirefu. Ataulizwa kuhusu ujauzito na uzazi, kama mtoto alichelewa kulia, alianza kutembea na kuongea lini, kama aliwahi kupata degedege au malaria kali iliyompotezea fahamu, analala saa ngapi, nani anaishi naye, na nani katika ukoo alikuwa hivyo utotoni. Atajaza dodoso, na mwalimu atajaza la kwake. Dodoso la Vanderbilt, kwa mfano, lina maswali 55 kwa mzazi na 43 kwa mwalimu, na tabia nyingi zinazoulizwa humo hujibiwa kwa kuchagua kati ya “kamwe”, “wakati mwingine”, “mara nyingi” na “mara nyingi sana”. Madodoso haya yalitungwa Marekani. Swali kuhusu mtoto anayeinuka kwenye kiti chake wakati anatakiwa kukaa lina uzito mwingine kabisa katika darasa ambalo watoto wanne wanagawana dawati moja na mmoja wao lazima asimame ili mwenzake aandike. Jumla ya alama peke yake haitoshi kuamua. Mtaalamu mzuri humrudia mwalimu na kumwomba mifano.

Ndiyo maana madaftari ni bora kuliko maelezo ya mdomo. Chukulia daftari la Hisabati la mtoto wa darasa la tatu: maswali manne ya kwanza amepata yote, la tano amenakili namba vibaya kutoka ubaoni, la sita ameandika nusu, na yaliyobaki hayakuguswa. Siku iliyofuata ni hivyo hivyo, na siku iliyofuata pia. Mtoto asiyeelewa Hisabati kwa kawaida hukosea tangu swali la kwanza. Huyu anajua kukokotoa, lakini kuna kinachokatika njiani, na mwanasaikolojia atataka kujua ni nini kabla hajakipa jina.

“Mwalimu ameshasema, basi ni yenyewe”

Ushahidi wa mwalimu ni wa lazima, na mwalimu aliyefundisha mamia ya watoto ana jicho ambalo mzazi mwenye watoto wawili hana. Hata hivyo mwalimu anaona mazingira mamoja tu, na mazingira hayo katika jiji hili yana matatizo yake. Katika darasa lenye watoto wengi kupita uwezo wake, mtoto anayesumbua ataonekana hata kama hana ADHD, na mtoto aliyenayo lakini amekaa kimya nyuma akitazama dirishani hataonekana.

Kuna suala la umri ambalo wazazi wanaowahisha watoto shule wanapaswa kulifahamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu watoto wa jimbo la British Columbia, Kanada, ambako tarehe 31 Desemba ndiyo mpaka wa kuingia darasa la mwaka husika, ulionyesha kwamba wavulana waliozaliwa Desemba walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 30 wa kuambiwa wana ADHD kuliko wavulana wa Januari wa darasa hilo hilo. Kwa wasichana tofauti ilikuwa asilimia 70. Huenda walichokuwa nacho baadhi yao ni udogo wa umri tu. Anayemwingiza mtoto wa miaka mitano darasa la kwanza kwa sababu “ana akili”, kisha akaambiwa hatulii kama wenzake wa miaka saba, aanze kwa kumweleza mwanasaikolojia tarehe ya kuzaliwa.

Halafu kuna usingizi. Watoto wa Chanika, Bunju au Mbagala wanaosoma shule za mbali hupandishwa kwenye basi la shule saa kumi na moja alfajiri, hurudi jioni wakiwa wamepita kwenye foleni na tuisheni, hufanya kazi za nyumbani na kulala saa nne usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Aliyekosa usingizi kwa muda mrefu mara nyingi hasinzii kama mtu mzima: huhangaika, hukasirika upesi, hasikii anachoambiwa na husahau. Anafanana sana na mwenye ADHD, na hakuna tathmini inayoaminika ambayo haikuuliza basi linafika saa ngapi. Anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi achunguzwe pia nyama za pua na mafindofindo, maana vinaweza kuuharibu usingizi hata kama saa zake zinatosha.

Mengine ya kuchunguza ni masikio, hasa kwa mtoto aliyewahi kutoa usaha mara kwa mara, macho, upungufu wa damu, na aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki, bali anakodoa macho na kupotea kwa sekunde chache, kisha anaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Kwa mtoto mwenye selimundu, kushuka kwa umakini kunaweza kutokana na kiharusi kidogo kisichoonekana kwa nje, na huyo arudi kwa daktari wake haraka. Kufiwa, wazazi kutengana, kuonewa shuleni au kufanyiwa ukatili navyo hubadilisha tabia ya mtoto, ndiyo sababu mwanasaikolojia huomba kukaa na mtoto peke yake kwa muda. Mzazi asilichukulie ombi hilo kama dharau.

“Mbona kwenye katuni anatulia?”

Hoja hii hutolewa zaidi na akina baba, na inaeleweka: mtoto anayeweza kukaa na simu saa mbili bila kupepesa atawezaje kukosa umakini? Mwenye ADHD hakupungukiwa umakini kama mtu aliyepungukiwa damu. Kinachomshinda ni kuuelekeza na kuushikilia pale ambapo jambo halina mvuto wa papo hapo. Katuni na michezo ya simu hubadilika kila baada ya sekunde chache na kumtuza mara moja. Kunakili aya ya Maarifa ya Jamii hakufanyi hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo mtoto anaweza kutulia kama maji ya mtungini ndani ya chumba cha mwanasaikolojia, mahali pageni alipo na mtu mzima mmoja anayemsikiliza, na mama akabaki anajiuliza kama ataonekana mwongo. Mtaalamu analijua hilo. Utulivu wa saa moja haufuti miezi sita ya madaftari.

“Ni malezi tu, mnamdekeza”

Tafiti za mapacha zimeonyesha kwa kurudiarudia kwamba kurithi kuna nafasi kubwa sana katika ADHD, kiasi cha asilimia 70 hadi 80 ya tofauti kati ya watu. Malezi hayaisababishi, ingawa nyumba yenye ratiba na maelekezo mafupi humrahisishia mtoto maisha, na nyumba yenye kelele na vipigo huyafanya yawe magumu zaidi. Kiboko hakifundishi ubongo kusubiri; humfundisha mtoto kuficha daftari. Sukari nayo imesingiziwa: majaribio ambayo watoto walipewa sukari au utamu bandia, bila wao wala wazazi kujua kipi ni kipi, hayakuonyesha tofauti ya tabia. Soda zina madhara yake, lakini hili si mojawapo.

Kuhusu mapepo na husuda, sioni faida ya mwanasaikolojia kubishana na imani ya familia, na wengi wenye busara hawabishani. Familia inayotaka kumwombea mtoto imwombee. Ubaya unaanza pale maombi au dawa za mganga zinapofanywa sababu ya kuahirisha tathmini kwa miaka, au mtoto anapofungishwa, kuchanjwa au kutengwa na ndugu zake.

“Wasichana hawapati”

Wanapata. Kwa wengi wao hujitokeza kama usahaulifu, ndoto za mchana na kazi zisizokamilika, mambo ambayo hayavurugi darasa. Huitwa wavivu, na hufikishwa kwa mtaalamu wakiwa wamechelewa, wakati mwingine kwa sababu ya huzuni au wasiwasi ulioota juu ya miaka ya kulaumiwa.

“Ukimpeleka wataanza kumpa madawa”

Mwanasaikolojia haandiki dawa. Akihitimisha kwamba mtoto ana ADHD na kwamba dawa inafaa kufikiriwa, atampa rufaa kwa daktari, kwa kawaida daktari wa magonjwa ya akili au wa watoto, na mzazi bado ana uamuzi wake. Kwa mtoto ambaye hajafikisha miaka 6, miongozo inayoheshimika, ukiwemo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2019, inataka kuanza kwa kuwafundisha wazazi namna ya kuongoza tabia. Kwa wakubwa zaidi, dawa kama methilifenideti, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944, huwasaidia wengi. Inaweza kupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi, kwa hiyo daktari hupima uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu kila baada ya muda. Ni dawa inayodhibitiwa kisheria. Kuiazima kwa mtoto wa shoga yako au kuagizia kwa msafiri kutoka nje bila usimamizi wa daktari ni hatari.

“Ataandikwa kuwa mgonjwa wa akili, na shule itamkataa”

Hofu hii ndiyo pekee katika orodha hii ambayo siwezi kuiita upuuzi, kwa sababu zipo shule zinazomshauri mzazi “atafute shule inayomfaa” badala ya kumsogeza mtoto dawati la mbele. Lakini ripoti ya tathmini ni ya familia. Mzazi anaweza kumwomba mwanasaikolojia aandike barua fupi kwa ajili ya shule, yenye mapendekezo tu: akae mbele, apewe kazi kwa vipande, maelekezo yaandikwe, aruhusiwe kusimama kidogo. Historia ya nyumbani si lazima imfikie mwalimu mkuu. Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa nyongeza, na mzazi anayedhani mwanawe anastahili aulizie utaratibu shuleni mapema, kabla ya mwaka wa mtihani.

Kwa asiyejua pa kuanzia, daktari wa kituo cha afya au wa hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Amana, Temeke au Mwananyamala, anaweza kumchunguza mtoto kwanza kisha kumpa rufaa kwenda Muhimbili, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Wapo pia wanasaikolojia binafsi. Muulize unayemwendea kama amesomea saikolojia tiba na kama huwa anazungumza na mwalimu kabla ya kuandika hitimisho. Siku ya kwanza beba kadi ya kliniki, ripoti za shule za miaka iliyopita, madaftari mawili matatu yasiyosafishwa, na karatasi uliyoandika kwa wiki mbili ukieleza ni nini kilitokea, saa ngapi, na kilitanguliwa na nini. Tarajia kurudi zaidi ya mara moja. Kama jibu ni kwamba bado haijulikani na mtoto aangaliwe tena baada ya miezi sita, uliza ni mambo gani unapaswa kuyafuatilia katika kipindi hicho, na uyaandike.