Koloni ya bakteria ni nini?

Koloni ni kundi la bakteria wa ukoo mmoja, waliozaliana mahali pamoja juu ya chakula kigumu hadi wakaonekana kwa macho bila hadubini. Ndani ya koloni ndogo kama kichwa cha pini wamo mamilioni. Escherichia coli, bakteria wa utumbo, akipata joto la nyuzi 37 na chakula cha kutosha, hujigawa takriban kila dakika 20, ndiyo maana sahani ya kuoteshea bakteria iliyoingizwa kwenye inkubeta (kabati la joto) jioni huwa na koloni asubuhi. Bakteria wa kifua kikuu huzaana polepole mno, koloni zake husubiriwa kwa wiki kadhaa.

Kwa nini tuhangaike nazo? Udongo, maziwa au kinyesi cha mgonjwa vina bakteria wa aina nyingi. Ukijaribu dawa juu ya mchanganyiko huo, hutajua ni nani aliyekufa na nani aliyestahimili. Lazima watengwe kwanza.

Zamani wengi waliotesha bakteria kwenye supu, ambamo kila aina huelea pamoja. Robert Koch, daktari Mjerumani aliyechunguza bakteria, huko Berlin, alijaribu vipande vya viazi vilivyochemshwa, kisha jelatini, lakini jelatini huyeyuka kwenye joto la mwili na baadhi ya bakteria huimeng'enya. Suluhisho lilitoka jikoni mwaka 1881. Fanny Hesse, ambaye mumewe Walther alifanya kazi na Koch, alipendekeza agari, ute wa mwani aliokuwa akigandishia jeli. Agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie joto la kuchemka, na bakteria wengi hawawezi kuila. Mama huyu anastahili kutajwa katika kila darasa la mikrobiolojia, kama anavyotajwa Julius Petri aliyeieleza sahani yake mwaka 1887.

Kutenga hufanywa kwa kitanzi cha waya. Unakiunguza kwenye moto hadi kiwe chekundu, unasubiri kipoe, unagusa sampuli na kuchora mistari upande mmoja wa agari. Unakiunguza tena, kisha unachora mistari mipya ikianzia kwenye ile ya kwanza, na hivyo hivyo mara tatu au nne. Kila awamu huburuta bakteria wachache zaidi, mpaka wanaachwa mmoja mmoja, mbali na wenzao, na kila mmoja huzaa koloni yake. Asiyeunguza katikati huvuna utando mzito usiotenganishika, na asiyesubiri waya upoe huwaua aliotaka kuwaotesha. Sahani hulazwa kifuniko kikiwa chini, matone ya mvuke yasije yakadondoka na kuzichanganya koloni.

Hata hivyo, si kila koloni imetokana na seli moja. Bakteria wa Staphylococcus hukaa kwa vishada, wa Streptococcus kwa minyororo, na kishada kizima huzaa koloni moja. Kwa hiyo koloni uliyoichagua huchorwa upya kwenye sahani nyingine kabla ya kuaminiwa, na katika kuhesabu hatusemi seli, tunasema vizio vinavyounda koloni. Ukizimua maziwa mara 1,000, ukapaka mililita 0.1 kwenye sahani na kupata koloni 52, basi kila mililita ya maziwa yale ilikuwa na vizio 520,000. Kwa kawaida huhesabiwa sahani zenye koloni 30 hadi 300. Zikipungua hapo, bahati tu inaweza kuyumbisha jibu; zikizidi, huungana na kunyimana chakula.